Safari ya uzi Kampala wikendi: maswali mnayoniuliza kila nikirudi

Mimi nakaa Tororo, huku Uganda karibu na mpaka wa Kenya, nafuma kwa mkono, masweta ya watoto wachanga, ya shule, kofia, soksi mara moja moja, na karibu kila muhula nashuka Kampala wikendi kutafuta uzi. Nikirudi tu na gunia, hata chai sijanywa, watu washaanza, ati mama umepata wapi, ati umelipa ngapi, ati mbona hukuniambia twende wote. Kujibu mmoja mmoja nimechoka jamani. Nimeandika yote hapa, soma halafu ukiwa bado na swali ndo unitafute.

Kwani Tororo hakuna uzi?

Upo. Sokoni utapata mabonge ya akriliki (ule uzi wa kiwandani usio pamba wala sufu), nyeupe, pinki ya mtoto, bluu ya mtoto, nyekundu, na ile maruni ya shule ikiwa una bahati. Shida ni kwamba muuzaji wetu naye anaenda Kampala kununua, analeta mabonge sita ya kila rangi, na wewe unataka kumi na mbili. Ukinunua sita leo ukangoja alete mengine wiki ijayo, hapo ndo mambo yanaharibika, na sababu nitaeleza chini kwenye swali la loti, hilo ukiruka mengine yote usiliruke.

Kama unafuma kofia moja ya mtoto, baki Tororo. Nauli ya kwenda Kampala haiwezi kurudi kwa kofia moja.

Niende lini?

Ondoka Ijumaa ulale huko, Jumamosi asubuhi ndo siku ya kununua, Jumamosi jioni ama Jumapili unarudi. Usipange kununua Jumapili, maduka mengi ya holseli ya Kikuubo yanafunga na utabaki unazunguka ukiangalia makufuli.

Wiki ya kufungua shule usiende kabisa. Mihula yetu mitatu, mwanzo wa mwaka, Mei na Septemba, kila inapokaribia kuanza mji mzima uko chini unatafuta yunifomu na madaftari na magodoro, na rangi za shule zinaisha kwanza. Mimi naenda wiki tatu nne kabla, wakati wazazi bado wanasema "tutaona". Desemba nayo ni ya wenye mbavu ngumu, watu wanabanana mpaka unatembea bila kupiga hatua.

Na angalia mvua. Ikinyesha kubwa, sehemu za chini za mji karibu na mfereji wa Nakivubo maji yanajaa barabarani, na uzi ukilowa maji ya mfereji hata usiniite kuangalia.

Nasafiri na nini?

Kutoka Tororo ni kilomita mia mbili na kidogo, Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi, Mukono, unaingia. Taksi (zile matatu) ama basi, chagua mwenyewe, mimi kwenda naenda na taksi kwa sababu zinaondoka mapema, kurudi narudi na basi kwa sababu ya buti. Masaa manne jam ikiwa na huruma, sita ikikataa. Tangu lile daraja jipya la Jinja lifunguliwe 2018 kuvuka Nile si shida tena, shida siku hizi inaanza Mukono.

Pale Namawojjolo gari likisimama utaletewa kuku na gonja (ndizi za kuchoma) dirishani. Kula, lakini futa mikono, maana mafuta ya kuku kwenye uzi mweupe hayatoki, nimejaribu.

Nikifika niende wapi hasa?

Anza Kikuubo. Neno lenyewe kwa Kiganda ni kama kichochoro, na ndivyo ilivyo, kichochoro kimejaa maduka ya holseli katikati ya paki za magari na mabasi, kila mtu anabeba kitu kichwani na anakuambia mpishe. Uzi haujapangwa pamoja kwamba kuna mtaa wa uzi. Utaukuta kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji, yale ya zipu, vifungo, lastiki na nyuzi za cherehani, mengine yako ndani ya akedi (yale majengo ya maduka mengi), ghorofa ya pili ama chini kabisa ambako jua halifiki. Uliza wanaouza vifungo, wao wanajua nani ana uzi wa sweta.

Halafu akedi za karibu na paki. Hapo bei iko juu kidogo lakini wanakubali bonge moja moja, Kikuubo wengi wanataka uchukue paketi nzima.

Halafu Owino, ambayo kwenye karatasi ni soko la St. Balikuddembe lakini sijawahi sikia konda akiita hivyo. Owino naenda kwa kitu kingine na nimekiwekea swali lake.

Zunguka maduka matatu kwanza bila kununua. Najua miguu inauma na unaogopa ile rangi itachukuliwa. Zunguka tu.

Mimi sijui Kiganda, si wataniua na bei?

Hili naulizwa sana na wenzetu wa mpakani na wale Wakongo wanaofuma. Jibu langu ni hapana, lakini usiingie na sauti ya kambini. Mimi Kiswahili nimekiokota kwenye kambi ya jeshi ya Rubongi, baba alikuwa mwanajeshi, na wazee wengi wa Kampala wakisikia Kiswahili bado wanamkumbuka mtu wa bunduki. Katiba imekiweka lugha rasmi ya pili tangu 2005, na 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe shule zote, lakini dukani Kikuubo katiba haikupunguzii hata mia mbili.

Salimia kwanza. "Oli otya nnyabo" (hujambo mama), ama "ssebo" akiwa mwanaume, halafu "ssente mmeka?" (pesa ngapi), halafu akishataja unacheka kidogo unasema "nsalirako" (nipunguzie). Hayo matatu yanatosha, ya mbele endelea na Kiswahili chako, vijana wengi wanaelewa, na ukimaliza "webale" (asante). Mtu aliyesalimiwa vizuri anatoa lile bonge la chini ya meza, aliyefokewa anakuuzia lililokaa dirishani likapigwa jua mwaka mzima.

Akriliki, sufu, pamba, nichukue ipi?

Utakachokutana nacho zaidi ni akriliki. Watu wanaidharau lakini kwa sweta ya shule ndo yenyewe, inafuliwa kila Jumamosi na sabuni ya mche, inaanikwa kwenye majani, mwaka unaisha bado ipo. Ubaya wake ni moto. Usiipige pasi hata siku moja, uzi unalala, unalegea na haurudi tena, sweta inakuwa kama kitambaa kilichokufa. Na mtoto asikae nayo karibu na sigiri (jiko la makaa), akriliki ikishika moto inayeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Sufu ya kweli ni ya nadra na bei yake utashtuka. Wa Kabale na Kapchorwa kule juu wenye baridi ya ukweli wanaihitaji, sisi Tororo na jua letu hili, sweta ya sufu utavaa wiki mbili za Julai.

Pamba nzuri kwa krosheti, vitambaa vya meza, na nguo za mtoto kwenye joto. Lakini pamba ni nzito na haivutiki, ukiifuma mikono mirefu itakuwa mirefu zaidi kila ukifua.

Nitajuaje ni sufu ya kweli? Muuzaji ameniapia.

Muuzaji anaapa, kiberiti hakiapi. Omba kipande kama urefu wa kidole, toka nje ya duka (NJE, usije ukachoma Kikuubo kwa sababu yangu), kishike na kibanio cha nywele cha chuma uwashe.

Sufu inaungua polepole, inanuka nywele zilizoungua, ukitoa moto inajizima, na majivu unayasaga na vidole yanakuwa unga. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, majivu laini ya kijivu. Akriliki inayeyuka, moshi mweusi, na mwisho inabaki kijidonge kigumu cheusi ambacho hakisagiki. Mchanganyiko unakupa vyote viwili, harufu ya nywele na kijidonge.

Kuna dada mmoja aliuziwa "sufu safi" akaja kwangu na furaha, tukawasha, kijidonge hicho kama punje ya pilipili manga. Hakusema kitu, alifunga mkoba akaondoka.

Loti ni nini na kwa nini unapiga kelele nayo kila mara?

Kaa chini.

Kiwandani uzi unapakwa rangi kwa mapipa. Pipa la leo na pipa la kesho, hata wakitumia dawa zile zile kwa kipimo kile kile, rangi haiji sawa asilimia mia. Kwa hiyo kwenye lebo kuna namba mbili, moja ni ya rangi yenyewe, nyingine ni ya pipa, hiyo ndo loti. Namba ya rangi ikifanana na ya loti ikatofautiana, ukiweka mabonge mawili mezani unaweza usione kitu. Fuma sweta sasa. Kifua cha loti hii, mkono wa loti ile, mtoto akisimama juani asubuhi kwenye foleni ya shule, mwalimu anaona toka mbali.

Mimi nilipata oda ya masweta ishirini ya shule moja, sitaji ni ipi. Nilinunua uzi wa kumi na nane kwa sababu pesa iliishia hapo, nikasema ya mbili nitaongezea baadaye, ni maruni tu jamani, maruni ni maruni. Nilirudi baada ya wiki tatu, duka lile lile, muuzaji yule yule, namba ya rangi ile ile. Nilifuma usiku taa ya umeme sikuona kitu. Nikapeleka. Mwalimu mkuu akayapanga kwenye benchi nje, ishirini, akasimama akaangalia, halafu akatoa mawili pembeni bila kuuliza mtu. Yale mawili tu. Hakukosea hata moja. Nilirudi nayo nyumbani na mmoja wa wanangu alivaa sweta ya shule asiyosoma mpaka ikampasuka viwiko.

Sasa nafanya hivi: nunua yote ya kazi moja siku moja, linganisha namba ya loti kila bonge, lebo kwa lebo, hata muuzaji akiguna. Ongeza bonge moja juu ya hesabu. Na ukilazimika kuchanganya loti basi changanya tangu mwanzo, mistari miwili ya hii, mistari miwili ya ile, sweta nzima, jicho litadanganyika. Ama loti ya pili iweke kwenye ribu tu, ile mistari inayovutika ya kiunoni, shingoni na vikono, hapo mishono inabadilika hivyo jicho halishtuki.

Bonge lisilo na lebo kabisa? Chukua kwa kofia ya rangi rangi, si kwa oda.

Nachaguaje rangi ya shule?

Usiende na picha ya simu. Simu yako inaona maruni, simu ya mwenzako inaona zambarau. Nenda na kipande cha uzi halisi ama sweta ya mwaka jana, na usiangalie kwapani wala ndani ya mfuko peke yake, angalia pia pale jua limekula, halafu uamue unafananisha na mpya au na iliyofifia. Mimi nafananisha na ndani ya pindo, ndo rangi ya kweli.

Na toka na bonge mlangoni. Ndani ya akedi taa zile nyeupe zinageuza kijani kuwa bluu. Muuzaji atakuambia acha mkoba hapa uende uangalie. Acha mkoba mtupu, si wenye pesa.

Ninunue kiasi gani?

Hesabu kwa gramu, si kwa mabonge, kwa sababu kuna bonge la 25, la 50 na la 100 na yote muuzaji anaita "kamoja". Kwa mkono wangu, uzi wa unene wa kawaida, ule wa sindano namba 8 ya zamani (milimita 4), sweta ya mtoto mchanga inakula gramu 100 hadi 150, mtoto wa darasa la kwanza la pili gramu 250 hivi mikono mirefu, mtu mzima 450 mpaka 600 kutegemea na mwili na kama anataka kukunja mikono. Kofia ya mchanga 30 ama 40. Ukifuma mitindo ya kusuka suka ile ya kamba, ongeza, kamba inakula uzi kama mgeni anayekula ugali.

Wewe mkono wako unaweza kuwa mgumu kuliko wangu. Pima sweta uliyokwisha kufuma, weka kwenye mizani ya sukari ya duka la jirani, hiyo ndo hesabu yako ya kweli na ni bure.

Kwenye koni (ule uzi uliozungushiwa kwenye bomba) wameandika 2/32, ni nini hiyo?

Hiyo ni ya mashine lakini wafumaji wa mkono tunaivamia kwa sababu kwa kilo inatoka rahisi. 32 inamaanisha uzi mmoja, kilo moja yake ina kilomita 32. 2 inamaanisha wamesokota nyuzi mbili pamoja, kwa hiyo kilo inabaki kilomita 16. Ni nyembamba sana. Uzi wa sindano namba 8 una kama mita 225 kwa gramu 100, yaani kilo ni mita 2,250, gawanya mwenyewe utaona unahitaji kuunganisha nyuzi saba za koni kupata unene huo. Nyuzi saba toka koni moja haiwezekani, lazima uzizungushie kwanza kwenye makopo saba ama chupa za soda, watoto wakiwa likizo ndo kazi yao hiyo.

Ukiweza uvumilivu huo, koni inalipa, tena loti ni moja kilo nzima. Ukikosa uvumilivu nyuzi zitakufunga mafundo mpaka utukane.

Sindano za Kampala namba zake zinanichanganya.

Kwa sababu ziko namba za aina mbili. Za zamani za Kiingereza, ambazo mama zetu walifundishwa na masista, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba: namba 10 ni milimita 3.25, namba 9 ni 3.75, namba 8 ni 4, namba 7 ni 4.5, namba 6 ni 5. Za siku hizi zimeandikwa milimita moja kwa moja, namba ikipanda inanenepa. Ukimwambia muuzaji "nipe namba 5" anaweza kukupa milimita 5 ama ile namba 5 ya zamani ambayo ni 5.5. Sema milimita. Na kama sindano imefutika namba, ingiza kwenye tundu la kadi ya kupimia, kama huna, beba sindano yako ya nyumbani uzilinganishe pembeni.

Za plastiki zinakunjika na joto, za chuma zinapiga kelele, za mianzi nazipenda ila sizikuti kila safari.

Kupatana bei napatana vipi?

Kwanza geuza kila bei iwe ya gramu 100. Mfano tu, bonge la 50 kwa elfu tano na bonge la 100 kwa elfu tisa, la pili ndo rahisi hata kama la kwanza linasikika dogo. Watu wenye digrii wanapotelea hapo.

Pili taja wingi wote mara moja. Usinunue matatu, ukarudi kuongeza matatu. Sema nataka ishirini, loti moja, una ngapi, halafu ndo bei. Akipunguza kidogo tu usikasirike, omba cha juu, jozi ya sindano, vifungo dazani, hiyo anaitoa rahisi kuliko kupunguza mia tano.

Wakikuita "nnyabo jangu olabe" (mama njoo uone) huna deni, unaweza kuangalia ukaondoka. Wageni wengi wananunua kwa aibu.

Pesa taslimu ama simu?

Zote mbili. Kutembea na pesa yote ndani ya Kikuubo mimi siwezi. Lakini kumbuka ukitoa pesa kwa wakala unalipa ada yake na juu yake ule ushuru wa serikali wa asilimia 0.5 wa kutoa, umekuwa nasi tangu 2018. Ukiweza mtumie muuzaji kwenye simu moja kwa moja, wengine watakuambia ongeza ya kutolea, hiyo nayo ni ya kupatana. Soma jina linalotokea kabla hujabonyeza.

Noti ndogo ziwe kwenye mfuko wa mbele wa nauli na maji. Ya uzi iwe mahali ambapo hata wewe unahitaji kwenda chooni kuitoa.

Wezi je?

Wapo. Mkoba mbele, simu usiitoe kwenye msongamano, na akikusukuma mmoja angalia yule mwingine.

Ni nini unafanya Owino?

Aa, hapa sasa ndo penyewe. Owino nanunua sweta za mtumba za kufumua. Sweta kubwa ya mwanaume, sufu ya kweli, imetoka Ulaya, hakuna anayeitaka kwa sababu nani atavaa hiyo Kampala, unaipata kwa bei ambayo hata gramu 100 za sufu mpya dukani huwezi kupata, na ndani yake kuna nusu kilo ya uzi. Wenzangu walinicheka mara ya kwanza. Sasa tunagombania.

Lakini si kila sweta inafumuka. Geuza ndani uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona kingo mbili zimefumwa vizuri zenyewe halafu zimeunganishwa na uzi mmoja, hiyo chukua, ukikata ule uzi wa kuunganisha vipande vinaachana na kila kimoja unakivuta toka juu mpaka chini uzi mmoja mrefu. Ukiona mshono wa ovaloki, ule wa fulana, weka chini haraka, maana ilikatwa kama kitambaa, ukifumua utapata vipande vipande vya urefu wa kifua chako, hata kushonea gunia havitoshi. Na iliyofuliwa na maji moto ikashikana kama blanketi, hiyo nayo haifumuki, vuta uone, uzi utakatika.

Soma lebo ya shingoni, ikisema wool 100% ndo hiyo, ikiwa imekatwa rudi kwenye kiberiti. Angalia pia mashimo, shimo moja la nondo ni mafundo mawili, mashimo kumi ni kilio.

Nyumbani unaanzia shingoni kwa sababu nyingi zilifumwa toka chini kwenda juu. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti uwe shada, funga sehemu nne, loweka maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, usisugue, halafu tundika na chupa ya maji chini iuvute. Yale mawimbi yananyooka. Usipofanya hivyo mishono yako itakuwa imepinda pinda kama jino la msumeno.

Uganda tunalima pamba, mbona uzi wetu wa kufumia siuoni?

Swali zuri na linauma. Pamba ya biashara ililetwa hapa 1903, babu zetu wameilima, na pale Jinja kiwanda cha Nyanza, ile Nytil, kimefuma vitambaa tangu miaka ya 1950. Lakini kilichokuwa kinatoka ni kitambaa, si mabonge ya sindano mbili, na pamba yetu nyingi inauzwa nje ikiwa bado nyuzi ghafi. Kwa hiyo mimi mjukuu wa mkulima wa pamba nafuma akriliki. Ukiona lebo yenye pamba ya Uganda kwenye bonge la kufumia, tafadhali nunua moja uniletee.

Si uvuke tu Malaba ununue Kenya?

Navuka pia, Malaba ni pua na mdomo na hapa. Kwa uzi kidogo wa mkobani hakuna mtu atakusumbua. Ukianza kubeba magunia pita getini: mali iliyotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki, mzigo wote usiozidi dola 2,000, kuna cheti rahisi cha asili unajaziwa palepale mpakani na ushuru wa forodha wa kuingiza hulipi, ila kodi nyingine zinaweza kuwepo. Uzi wa Uchina ulionunuliwa Kenya si mali ya Afrika Mashariki, usijidanganye. Njia za panya waachie panya. Halafu shida ya Malaba ni ile ile ya Tororo, mabonge sita ya kila rangi.

Naweza kwenda na mtoto?

Kama ananyonya na hakuna wa kumwachia, mfunge mgongoni twende. Wa miaka minne, hapana.

Mzigo nauletaje?

Uzi ni mwepesi lakini una tumbo. Funga kwenye kavera (mfuko wa plastiki) kubwa kwanza, toa hewa kwa kuikalia (kweli, ikalie), funga, halafu ndo kwenye gunia. Gunia peke yake mvua inapita. Andika jina kwa kalamu kubwa pande mbili kwa sababu kwenye buti magunia yote ni ndugu. Toka Kikuubo mpaka basi mtafute mbebaji ama boda, na hapa niseme tu boda ni neno letu sisi wa mpakani, lilianzia kule Busia kwa waendesha baiskeli waliovusha watu toka geti moja hadi jingine, Kampala waliazima. Patana kabla gunia halijapanda.

Ukifika usiweke chini sakafuni. Panya wanazaa ndani ya uzi wa mtoto mchanga kuliko ndani ya kitu kingine chochote, wana akili. Ndoo yenye mfuniko. Sufu ya Owino ifue kabla haijakutana na uzi mwingine, nondo wanasafiri.

Naweza kukutuma uniletee?

Unaweza. Leta kipande cha uzi mkononi, sema gramu, sema unafuma nini, na pesa itangulie. Kwa maneno matupu sichukui tena. Kuna mama alinituma "rangi ya maziwa" kwa sauti ya simu, gramu 400. Kampala nilikuta nyeupe aina nne, nikasimama mlangoni nikachagua ile yenye umanjano kidogo, nikijisifu kabisa, maziwa fresh ya asubuhi. Nikamletea mpaka kwake. Akafungua, akaangalia, akaenda jikoni akarudi na kikombe, akakiweka pembeni ya bonge. Alikuwa anataka chai ya maziwa.